Wapiga Ngoma wa Gishora

Sisi wa Uvira tumezoea ngoma za Burundi hata twadhani kwamba tunazijua. Kwa kweli tunajua makelele yake tu.

Katika Kirundi neno *ingoma* maana yake ni ngoma, tena ni ufalme. Ndiyo sababu hazikupigwa na kila mwenye mikono miwili. Zilikuwa kazi ya jamaa fulani za vilima fulani, kama Gishora karibu na Gitega, baba akimfundisha mwana. Huko zinatunzwa Ruciteme na Murimirwa, ngoma mbili za wakati wa Mwami Mwezi Gisabo. Mwanafunzi hujifunza mti wa umuvugangoma, ginsi ya kuuchimba na kuuvika ngozi ya ng'ombe. Kiisha hujifunza mahali pake: amashakwe hushika mwendo bila kupumzika, ibishikizo hufuata, na inkiranya, katikati ya nusu-duara, huongoza. Wapigaji huijia kwa zamu, mmoja mmoja, wakicheza.

Sauti hizo zilinaswa mwaka 1967, na Ocora ya Ufaransa ikazitoa katika sahani. Mwaka 1975 Joni Mitchell akazitia chini ya wimbo wake *The Jungle Line*. Ana kipaji, hatukatai. Lakini kipande kimoja kimerudiwa-rudiwa, nazo ngoma zazunguka kama mbuzi aliyefungwa mtini. Kiongozi hageuzi neno, wala hakuna wa kumfuata.

Basi, tusimcheke. Umuganuro, sikukuu ya mtama ambapo ngoma zilimtumikia Mwami, iliachwa karibu na mwaka 1930, na wamisionari walikuwa na mkono wao katika jambo hilo. Ufalme wenyewe ukaanguka mwaka 1966. Mtaguso uliagiza mwaka 1963 kwamba muziki wa mataifa upewe heshima. Nasi, katika parokia nyingi, twawapa vijana fimbo Jumamosi mangaribi, na kesho yake Sanctus yamezwa yote, maneno na sauti. Je, hiyo ni heshima?

UNESCO iliziandika ngoma hizi katika urithi wa watu mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya serikali ya Burundi ikawakataza wanawake kuzipiga, tena ikadai malipo kwa michezo isiyo ya serikali. Ulinzi wa namna hii twaona ni mwembamba: wamfukuza msichana aliyekwisha kujifunza, wala haumpatii mzee wa Gishora mwanafunzi. Katekista atakaye ngoma katika Misa amwendee mzee wa namna hiyo kwanza, hata ikimpasa kungoja Pasaka ya mwaka ujao.