Hadhira Isiyojua Lugha: Qawwali Katika Majukwaa ya Ughaibuni

Tunapofunza sifa za fasihi simulizi, hoja ya kwanza ubaoni aghalabu ni kwamba hadhira hushiriki katika utendaji. Mtahiniwa huikariri, kisha huitolea mifano ileile: kupiga makofi, kuitikia, kuuliza maswali. Hoja ni sahihi ila ni nyembamba. Hebu tuipime, msomaji, kwa qawwali, uimbaji wa mashairi ya Kisufi ya Bara Hindi, na hasa kwa yale yaliyoufika ulipopelekwa Ulaya na Marekani.

Utanzu huu si mgeni kwetu kama unavyodhania. Jina lake latoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupa 'kauli'. Huimbwa sana katika urs, kumbukumbu ya kifo cha walii, na urs ni ndugu wa 'arusi' yetu: siku ya kufa huhesabiwa kuwa siku ya walii kuungana na Mpenzi wake, yaani Mungu. Jazba inayomshika msikilizaji huitwa hal, nasi twasema 'hali'.

Kundi huwa na kiongozi, waitikiaji, kinanda, ngoma na makofi. Hayo tusikawie nayo. Mtazame aliyeketi mbele yao. Penye kaburi la Nizamuddin Auliya mjini Delhi, msikilizaji akiguswa na mshororo, akalia au akainuka kutoa fedha, mwimbaji hapaswi kusonga mbele. Huurudia mshororo huo mpaka hali imtulie mwenzake. Masimulizi ya Wasufi yanadai kwamba Qutbuddin Bakhtiyar Kaki, aliyefariki Delhi mwaka 1235, alishikwa na hali kwa ubeti wa Kiajemi, waimbaji wakaurudia siku kadhaa hadi akakata roho. Uyasadiki usiyasadiki, yanafunua kanuni ya utanzu: takriri hapa si pambo la fani, na urefu wa utungo haujulikani kabla hadhira haijaketi.

Kuna pia girah, maana yake fundo. Kiongozi hukatiza wimbo, akapachika ubeti wa mshairi mwingine, pengine wa lugha nyingine, kisha akarejea mshororo wa awali. Mshororo ni uleule, lakini sasa umebeba maana ya ziada. Fundo hili hufungwa na mwimbaji, ila anayelifungua ni msikilizaji anayejua lugha zote mbili. Asipojua, amesikia sauti tu.

Sasa twende ng'ambo. Ndugu wa Sabri kutoka Pakistani waliimba New York mwaka 1975. Mwaka 1985 Nusrat Fateh Ali Khan alipanda jukwaa la tamasha la WOMAD katika kisiwa cha Mersea, Uingereza, mbele ya umati ambao wengi wao hawakujua Kiurdu wala Kipunjabi. Umati ulisisimka, na huo ukawa mwanzo wa sifa yake katika nchi za Magharibi. Kwa hadhira kama hizo alitumia kwa wingi sargam, yaani kuimba majina ya noti kwa kasi ya ajabu. Sargam haihitaji mkalimani. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, fanani hupima hadhira yake, na yeye aliipima barabara.

Lakini mhakiki lazima aseme kilichopotea. Mfano bora ni albamu ya Mustt Mustt ya mwaka 1990, aliyoitengeneza na Michael Brook wa Kanada. Brook alieleza baadaye kwamba katika kukatakata na kuunganisha sauti studioni, walikata baadhi ya mishororo katikati, maneno yakakosa maana, na Nusrat akakataa. Ikabidi watafute mwafaka. Hebu fikiri: kwa mhariri, sauti ile ilikuwa ala mojawapo. Kwa mwimbaji ilikuwa kauli.

Je, jukwaa ndilo linaloua? La. Nusrat huyuhuyu aliimba katika kumbi za Birmingham kwa wahamiaji wa Kiasia, nao wakamtuza noti na kumrudisha nyuma walipopenda mshororo. Ukumbi ulikuwa wa Uingereza, tikiti zililipiwa, na bado hadhira iliuongoza utungo. Kwa hiyo anayeandika kwamba 'muktadha umebadilika' na kutua kalamu hajajibu swali. Aonyeshe ni kipi kilichobadilika: mahali, malipo, au uwezo wa msikilizaji kuyafahamu maneno. Hicho cha tatu ndicho kizito.

Mwalimu mwenzangu, utakapowasikilizisha wanafunzi kasida au wimbo wowote uliorekodiwa, usiwaulize tu ni mishororo ipi iliyorudiwa. Waulize ni nani aliyeamua irudiwe, na alijuaje kwamba imetosha.