Ubabe na Hadhira Yake katika "Shonen Jidai"

Filamu ya Masahiro Shinoda, "Shonen Jidai", yaani "Siku za Utoto", ilitolewa mwaka 1990. Chanzo chake ni riwaya ya Hyozo Kashiwabara ambayo Fujiko Fujio A aliigeuza kuwa hadithi ya katuni. Shinji, mtoto wa Tokyo, anahamishiwa mkoani Toyama mwaka 1944 kwa hofu ya mabomu. Huko anamkuta Takeshi, mbabe wa darasa.

Ni wepesi kudai kwamba Takeshi ni jazanda ya utawala wa kijeshi wa Japani, na kwamba darasa lake ndilo taifa. Dai hilo lina ukweli, lakini linamnyima mhusika huyu utu wake. Wawili hawa wakiwa faraghani, Takeshi ni rafiki mpole. Wenzao wakitokea tu, anamgeukia Shinji na kumtesa. Yafaa basi tujiulize: ukatili huu unatendwa kwa ajili ya nani? Kwa maoni yetu, unatendwa kwa ajili ya hadhira. Takeshi ni mateka wa wafuasi wake, kwani ubabe usioonekana si ubabe. Ndiyo maana tukio la kupiga picha mjini lina uzito mkubwa. Takeshi amemwokoa Shinji mikononi mwa wavulana wageni, kisha wanasimama pamoja mbele ya kamera. Jicho la kamera haliwezi kumwita mnyonge.

Hatimaye darasa linaasi, na wale wale waliomtii ndio wanaompiga. Shinji, aliyeonewa kuliko wote, hapati furaha yoyote katika anguko hilo. Hapa msanii amefaulu sana, maana hakutupa faraja ya kuona haki ikitendeka.

Msomi wa lugha atavutiwa na usemi wa watoto hawa. Shinji anasema Kijapani cha Tokyo. Wenzake wanasema lahaja ya Toyama. Kila afunguapo kinywa anajitangaza kuwa mgeni, hata kabla hajatenda kosa lolote. (Tafsiri ziandikwazo chini ya picha huifuta tofauti hii, nayo ni hasara kubwa.)

Dosari iko mwishoni. Vita vimekwisha, Shinji anarudi kwao, na Takeshi anakimbia sambamba na gari la moshi huku akimpungia. Tukio lenyewe lingetosha. Lakini unaingia wimbo wa Yosui Inoue, mtamu mno, na majira yote yale ya mateso yanavikwa joho la kumbukumbu njema. Shinoda, aliyezaliwa mwaka 1931, alikuwa na miaka 14 Japani iliposalimu amri. Huenda kizazi chake kilihitaji utamu huo. Hata hivyo, wimbo unamsamehe Takeshi kabla Shinji hajatamka neno, na msamaha huo haukuwa wa mwanamuziki kuutoa.