Sifa za Mwalimu Anayesoma Kosa

Ufundi wa mwalimu hausifiwi panapostahili. Watu husifu sauti yake darasani na mwandiko wake ubaoni. Mimi naona kilele cha kazi yake ni pale anapoketi na rundo la madaftari, akalitazama jibu lisilo sahihi na kujiuliza: mtoto huyu amepita njia gani hata akafika hapa? Katika shule ya upili, hakuna wanaoujua ufundi huu kuliko walimu wa lugha na walimu wa hisabati. Nausifu kutoka Kombewa, katika nchi ya Seme, magharibi mwa jiji la Kisumu.

Januari wanafunzi wapya huingia, na wengi wao wamelelewa kwa Dholuo. Mmoja anaandika "kitabu yangu". Msahihishaji mwenye haraka hupiga mstari mwekundu akapita. Fundi husimama hapo. Anajua kwamba Dholuo ni lugha ya Kiniloti, na nomino zake hazipangwi katika ngeli kama za Kiswahili. Mtoto amesikia "nyumba yangu" na "miti yangu", akadhani amepata neno linalofaa kila mahali. Hajapuuza kanuni, amejitungia moja. Basi mwalimu hamwandikii "changu" tu. Anampangia nomino za ngeli kadhaa, kila moja na sifa zake, hadi mtoto aone mwenyewe kwamba nomino ndiyo inayotawala sentensi.

Somo hilo halipotei. Palipo na mwalimu wa Kifaransa, mwanafunzi aliyezielewa ngeli hashangai kuambiwa kuwa kivumishi cha Kifaransa hufuata jinsia na idadi ya nomino. Amekwisha kuizoea nidhamu hiyo. Kisha huja imla. Mwanafunzi anaandika "ils parle" badala ya "ils parlent". Mwalimu asiye makini humwambia asikilize vizuri. Lakini kwa sikio, "il parle" na "ils parlent" hayana tofauti. Zile herufi za mwisho hazitamkwi. Sikio la mtoto limefanya kazi yake, na kilichobaki ni sarufi. Kumrudishia mtoto huyo kanda asikilize mara ya pili ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Kombewa inaelewa maneno haya. Kituo cha utafiti cha hapa kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyofanya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Watu wa hapa wanajua kwamba homa si jina la ugonjwa, na kwamba damu hupimwa kabla ya dawa kutolewa. Jibu lisilo sahihi nalo ni homa.

Muhula wa pili, katika idara ya hisabati, swali ni kurahisisha 5 – (x – 2). Wawili wanakosa. Wa kwanza ameandika 3 – x: amefungua mabano bila kubadilisha ishara ya pili. Wa pili ameandika 7 + x: 2 ameigeuza sawasawa, lakini x ameipa ishara isiyo yake. Wote wamepata sifuri, ila hawahitaji somo moja. Ndiyo maana karatasi za hisabati za mtihani wa kitaifa wa KCSE, mbili za saa mbili na nusu kila moja, humtaka mtahiniwa aonyeshe hatua zote, na humwahidi kuwa kazi sahihi inaweza kupata alama hata kama jibu la mwisho si sahihi. Naliona agizo hilo kuwa la haki kubwa: taifa limekubali kwamba njia ya fikra ina thamani.

Makosa mengine hujificha ndani ya majibu sahihi. Kidato cha nne husoma longitudo na latitudo. Ikweta hupita Maseno, si mbali na Kombewa. Ukipima kutoka hapa hadi Mbandaka, Kongo, mji mwingine ulio karibu na Ikweta, nyuzi 16 hivi za longitudo ni takriban maili 960 za baharini. Mwanafunzi aliyesahau kuzidisha kwa kosaini ya latitudo atapata jibu zuri, kwa kuwa kosaini ya sifuri ni 1. Mwalimu fundi hadanganyiki na alama ya vema. Humpeleka latitudo ya nyuzi 60, ambako umbali huo hupungua hadi nusu, na kosa hujitokeza.

Ufundi huu una historia katika eneo hili. Carey Francis aliacha kufundisha hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, akaja kuiongoza shule ya Maseno mwaka 1928. Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem na mwanafunzi wa Maseno, alisomesha hisabati katika shule ya Alliance kabla ya kuwa mwanahistoria mashuhuri. Wao wanajulikana. Wanaosahihisha usiku huu katika shule za Seme hawajulikani, na kazi yao si ndogo kuliko ya hao.

Tena ni kazi nzito. Darasa la wanafunzi 50, jaribio la maswali 16, ni majibu 800 ya kusomwa, na mwalimu ana madarasa zaidi ya moja. Septemba ikifika, watahiniwa wakiandika jaribio baada ya jaribio, kishawishi cha kuweka vema na mkasi bila kusoma huwa kikubwa. Mwalimu anayekishinda ndiye ninayemsifu.

Wakuu wa shule, mpeni mwalimu huyo saa za kusahihisha katika ratiba, kama mnavyompa saa za kufundisha. Nawe mzazi, daftari likija nyumbani usiishie kwenye alama. Mwambie mwanao akueleze alipopotea, na jinsi alivyorudi njiani. Akiweza kukueleza, jua kwamba ana mwalimu, na umshukuru.