Pongezi kwa Mafundi wa Tunduma

Mjini Tunduma, pale barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapopakana na Nakonde ya Zambia na malori ya shaba yakingoja forodhani, wamo mafundi wa gereji wastahilio sifa: wale ambao, mpira ushikao injini ukiisha kulainishwa na oili na kupasuka kwa joto, hawakimbilii dukani, bali huukwangua, wakasafisha chuma chake, na kukivisha mpira mpya uliochongwa katika tairi kuukuu. Mbadala wa tairi, yurethani ya kumimina, zao la utafiti wa mwanakemia Otto Bayer huko Ujerumani mwaka 1937, hudumu sana, walakini ikiwa ngumu mno hupitisha mtetemo hadi kitini. Tairi, kwa rai yangu, humstahi zaidi dereva aendaye mji wa Vwawa.