Azazeli na Mzigo wa Dhambi: Uhakiki wa Simulizi la Henoko

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na jina la Azazeli mahali pamoja tu, katika Walawi sura ya 16, penye maagizo ya Siku ya Upatanisho. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 haikulifasiri jina hilo, bali ililiacha kama lilivyo katika Kiebrania. Wafasiri wengine walifanya vingine. Septuaginta ilitumia neno lenye maana ya kupeleka mbali; Vulgata ikamtaja mbuzi anayetumwa; naye Luther akaandika habari ya mbuzi aliyeachwa huru. Aliyemfanya Azazeli kuwa mbuzi alimwondolea msomaji swali. Tafsiri yetu imetuachia swali hilo, nasi tunaona kwamba ni swali la uchungaji kabla halijawa swali la lugha.

Katika vijiji vya Kerenge, wilayani Korogwe, kama ilivyo mahali pengi pa Usambara na Uzigua, Mkristo huishi jirani na Mwislamu, na wote wawili huyajua maneno shetani, pepo na jini tangu utotoni. Jirani aweza kumweleza, kwa mapokeo ya baadhi ya wafasiri wa Kurani, kwamba Azazili lilikuwa jina la Ibilisi kabla hajakataa kumsujudia Adamu, ingawa Kurani yenyewe haimtaji kwa jina hilo. Hivyo mwinjilisti asomapo Walawi 16 mbele ya watu hawa, wao wanalo simulizi tayari: Azazeli ni malaika aliyeanguka, na shida zao zimetoka kwake. Yafaa tuulize simulizi hilo limetoka wapi, na linafanya kazi gani.

Halikutoka katika Walawi. Katika sura ile Azazeli hasemi neno wala hatendi tendo. Hatuambiwi asili yake wala anguko lake. Mbuzi wawili wanatwaliwa kwa ajili ya dhambi ya watu, na wote wawili wanasimamishwa mbele za Bwana. Mbuzi aendaye kwa Azazeli hachinjwi, na sura inayofuata inakataza waziwazi kuwatolea sadaka pepo wa porini. Tendo kuu halimo jangwani, bali mlangoni pa hema: Haruni anaweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha mbuzi aliye hai na kuungama maovu yote ya wana wa Israeli. Azazeli ni mahali dhambi inakokwenda. Si mahali ilikotoka.

Simulizi la malaika aliyeanguka tunalipata katika Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia limekihifadhi kizima kwa lugha ya Kigeezi na kukihesabu katika Maandiko. Mskoti James Bruce alileta nakala zake Ulaya mwaka 1773, na vipande vya Kiaramu vilivyopatikana Qumran vilichapishwa na J. T. Milik mwaka 1976. Waraka wa Yuda unakitaja kama unabii, kwa hiyo mchungaji wa Kilutheri hana ruhusa ya kukidharau. Humo, katika sura ya 6 hadi ya 11, malaika 200 wanashuka juu ya mlima Hermoni na kutwaa wake katika binti za wanadamu. Azazeli anawafundisha watu kufua panga, visu, ngao na dirii. Anawafundisha pia bangili, mapambo na kupaka wanja. Dunia inajaa damu na kulia. Ndipo Rafaeli anaamriwa kumfunga Azazeli mikono na miguu, kumtupa gizani jangwani na kumfunika kwa mawe makali hata siku ya hukumu.

Wataalamu wametuonyesha kwamba hapa masimulizi mawili yamesukwa pamoja, moja la Shemihaza na tamaa yake, jingine la malaika mwalimu. Vipande vya Kiaramu vinamwita huyo mwalimu Asaeli, jina jingine kabisa. Jina la Azazeli wa Walawi lilikuja kumvaa baadaye, nalo jangwa, kufungwa na mzigo wa dhambi vikasogezwa vimkae. Mwaka 1977 George Nickelsburg alipendekeza kwamba nyuma ya simulizi hili mna vita vya majemadari waliogombea milki ya Aleksanda baada ya mwaka 323 kabla ya Kristo. Pendekezo hilo latusaidia. Panga za Azazeli zilikuwa panga zilizowaua watu wa kweli, na simulizi ni kilio cha walioonewa, wanaokataa kuamini kwamba ukatili wa namna hiyo ndio utaratibu wa Mungu. Kwa upande huu twalisifu. Mwandishi hakutaka kumfariji mwovu, alitaka kumhukumu.

Lakini mna kasoro. Katika sura ya 10 Rafaeli anaambiwa amwandikie Azazeli dhambi yote. Neno hilo linageuza mwendo wa Walawi. Kule watu waliungama, ndipo mzigo ukachukuliwa. Huku mzigo unaandikwa kwa mwingine, wala hakuna aliyefungua kinywa kuungama. Tena mzigo usioungamwa haukai alikowekwa. Tertuliano, aliyekipokea kitabu hiki kwa heshima, alikitumia kuwashutumu wanawake kwa mapambo yao. Hatia iliyotupwa juu ya malaika ilirudi ikatua juu ya binadamu, na ikatua juu ya yule asiye na nguvu ya kujitetea.

La ajabu ni kwamba Kitabu cha Henoko chenyewe kiliiona hatari hii. Katika sehemu yake ya mwisho, sura ya 98, mwandishi mwingine anasema kwamba dhambi haikutumwa duniani, bali wanadamu waliiumba wenyewe. Ahubiriye sura ya 10 bila sura ya 98 amesoma nusu ya kitabu.

Turudi Kerenge. Wasambaa wana maneno mawili ya kale, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wa Usambara, ameonyesha jinsi wazee walivyoeleza njaa na ukame kwa maneno hayo: watawala wakishindana wao kwa wao, nchi hudhurika. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo Injili. Twasema kwamba msikilizaji wa Kisambaa anao mlango wa kuingilia Walawi 16 ulio bora kuliko hadithi ya malaika mwenye panga, kwa kuwa ameshajua kwamba ugomvi wa watu huigusa nchi yote, na kwamba uponyaji hutakiwa kwa wote.

Kinyume chake, tazama yanayotokea mhubiri anapomtangaza Azazeli kuwa chanzo cha homa ya mtoto au cha mahindi kukauka. Watu hawaridhiki na jina la pepo. Watauliza ni nani aliyemwita. Mtu atakwenda kupiga ramli, na kidole kitamwelekea mama mzee mjane aliye peke yake pembeni mwa kijiji. Mhubiri hakumtaja mtu, lakini ameacha mzigo wazi njiani, na wengine wamempata wa kumtwika.

Hatukusudii kumfuta Ibilisi katika mafundisho yetu. Katekisimo Ndogo inakiri kwamba Kristo ametukomboa katika dhambi, mauti na nguvu za Ibilisi, na mchungaji aombaye na mgonjwa anayesumbuliwa afanya kazi yake. Lakini Katekisimo hiyohiyo inafundisha maungamo kuwa na sehemu mbili, kuungama na kupokea ondoleo. Kabla ya kumkemea pepo wa jirani, usharika na uweke mikono juu ya mzigo wake wenyewe na kuutaja: mirathi aliyodhulumiwa mjane, mipaka ya shamba iliyosogezwa usiku, kesi iliyonunuliwa.

Waraka wa Barnaba, katika karne za kwanza za Kanisa, ulimwona Kristo katika mbuzi aliyelaaniwa na kufukuzwa. Kama ndivyo, nafasi ya mchukua dhambi imekwisha kujazwa. Hakuna usharika wenye haki ya kumtafuta mwingine, awe malaika, awe jini, awe mama mzee wa Kerenge.