Hesabu ya Maneno na Sababu za Vifo: Uhakiki wa Mashine Zijifunzazo

Jina la Kumsenga, huko Kibondo katika nyanda za juu za Kigoma, latosha kuwa mtihani mdogo kwa mashine yo yote inayodaiwa kujua Kiswahili. Mashine iliyofunzwa kwa magazeti yaweza kuona hapo ku- ya kitendo na -m- ya mtendwa, kisha ikaanza kutafuta mzizi wa kitendo. Ukipatikana au usipatikane, mahali pamekwisha potea. Kwa Waha, ku- iliyo mwanzoni mwa majina kama Kumsenga na Kumwambu yaonekana kuwa kiambishi cha mahali, jamaa ya ku- ya Kiswahili katika “huku” na “kule”. Kosa la namna hii likiwa katika ramani huchekesha. Likiwa katika habari za ugonjwa halichekeshi hata kidogo, na habari za ugonjwa ndizo zinazopewa mashine siku hizi.

Kazi yenyewe ni hii. Katika nchi nyingi za Afrika watu wengi hufia nyumbani, pasipo hati ya daktari. Ili kujua walikufa kwa nini, mhoji huwaendea wafiwa baada ya siku za msiba, akawauliza maswali yaliyopangwa juu ya dalili, na mwisho akawaacha wasimulie kwa maneno yao wenyewe jinsi marehemu alivyougua. Tanzania ina historia ndefu katika jambo hili: tangu 1992 hata 2004 mradi ulioitwa AMMP ulikusanya habari kama hizo katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro, nazo zilisomwa na madaktari. Baadaye ikatafutwa njia ya kuwapunguzia madaktari mzigo huo. Muungano wa watafiti ujulikanao kwa herufi PHMRC ulikusanya habari za vifo zaidi ya 12,000 katika India, Ufilipino, Meksiko na Tanzania, vifo ambavyo sababu zake zilikwisha thibitishwa hospitalini. Mashine ilipewa dalili pamoja na sababu ya kweli, ikajifunza kuviunganisha. Njia iliyopata sifa zaidi, iitwayo Tariff, iliyotangazwa 2011, haina uchawi: kila dalili hupewa uzito kwa kila ugonjwa, uzito hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo msingi wa kuutaja ugonjwa. Hata maneno ya simulizi la wafiwa huingizwa katika hesabu hiyo, kila neno likihesabiwa kama dalili: lipo, au halipo.

Haifai kuibeza kazi hii. Madaktari wenyewe, wakisoma simulizi moja, hawapatani sikuzote, na mashine angalau haichoki wala haibadilishi shauri lake baada ya chakula cha mchana. Mwaka 2014 waliounda njia hiyo walisema ya kuwa yaweza kulingana na madaktari au kuwashinda. Katika mwaka huo huo watafiti wengine, waliolinganisha njia nne kwa vifo vipatavyo 24,000, walikataa kwa upande wa kutambua kifo cha mtu mmoja mmoja. Ubishi huo ni wa watu wa hesabu, na wataumaliza wao. Lililo la wanalugha ni jingine, nalo hutangulia: mashine husomewa nini kabla haijaanza kuhesabu?

Hifadhi iliyotolewa kwa umma mwaka 2013 yatoa jibu. Yaliyowekwa humo kutokana na masimulizi ni mashina ya maneno ya Kiingereza. Basi mjane wa Pemba aliyeeleza kifo cha mumewe kwa lugha yake amefika kwa mashine akiwa orodha ya vipande vya Kiingereza vilivyokatwa miisho. Ukataji huo wa miisho ni halali kwa Kiingereza, ambacho huweka viungo vyake vingi nyuma ya neno. Kiswahili huweka mambo makubwa mbele, na nyuma pia hakupuuzi. “Alitapika” na “hakutapika” hutofautiana mwanzoni, na tofauti yake ni ya ndiyo na siyo. Katika hesabu ya neno lipo au halipo, yote mawili huacha shina moja. “Alitapika” na “alitapishwa” hutofautiana katikati na mwishoni. La pili laweza kuwa habari ya dawa aliyonyweshwa mgonjwa ili atapike, yaani habari ya tiba, si ya ugonjwa. “Alikuwa akitapika” huonyesha jambo lililoendelea, na “alitapikatapika” jambo la kurudiarudia. Katika maneno hayo matano mwuguzi husikia habari tano. Mashine imeletewa moja.

Ugumu wa majina ya maradhi huzidi ule wa vitendo. Msemaji wa Kiswahili aweza kusema “alikuwa na kifua” akikusudia kikohozi, au pumu, au kifua kikuu, au maumivu tu. “Kichomi” hutaja jinsi maumivu yanavyochoma, na mfasiri mwepesi huandika jina la ugonjwa wa mapafu. “Homa” kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni kujisikia vibaya, kwa wa tatu ni malaria yenyewe. Mfano ulio mzito kuliko yote ni “degedege”. Hospitalini huhesabiwa kuwa mtukutiko wa mtoto, na mara nyingi malaria kali huwa nyuma yake. Kwa wazee wengi ni ugonjwa ulio peke yake, unaoambatana na dege yule wa usiku, nao haukuhesabiwa katika jamii ya homa. Ndiyo maana watoto wengi walipelekwa kwa mganga kwanza. Afasiriye “degedege” kwa neno la kitabibu amekwisha toa hukumu ambayo mashine ilitakiwa kuitoa. Hesabu ifuatayo huwa inathibitisha kalamu ya mfasiri.

Tena watafiti hao wenyewe waligundua ya kuwa hesabu hupungukiwa usahihi zikiondolewa habari za wafiwa juu ya matibabu waliyoyapata, pamoja na simulizi lao. Hilo lapasa kusomwa kwa makini. Yaelekea sehemu ya nguvu ya masimulizi hutokana na maneno ambayo wafiwa waliyachukua hospitalini: jina la ugonjwa alilolitamka daktari, kipimo, dawa. Mashine imejifunza kulitambua neno la daktari katika kinywa cha mfiwa. Nalo neno hilo halipatikani mahali ambapo marehemu hakufika kwa daktari, yaani mahali ambapo mashine ilihitajiwa.

Vituo vya Tanzania katika kazi hiyo vilikuwa Dar es Salaam na Pemba, sehemu za pwani. Mashine ikipelekwa Kumsenga, hapana budi simulizi lianze kwa Kiha, lipite katika Kiswahili cha mhoji, kisha liende kwa Kiingereza. Kiha si lahaja ya Kiswahili. Ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Hutofautisha irabu fupi na ndefu, na hutofautisha maana kwa vidatu vya sauti, ambavyo Kiswahili kimevipoteza na maandishi ya kawaida hayavionyeshi. Katika Kirundi wakati uliopita wa leo na ule wa kabla ya leo ni nyakati mbili, na aghalabu kidatu ndicho kinachozitenga. Kiswahili kina -li- kwa zote mbili. Mtoto aliyeanza kutukutika asubuhi ya siku aliyokufa, na yule aliyeanza juzi yake, ni wagonjwa wawili mbele ya daktari.

Yumkini atatokea mtu wa kusema ya kuwa Kirundi kitumiwe badala ya Kiha. Kishawishi ni kikubwa, kwa sababu mashine ya kufasiri iliyotolewa 2022 na kampuni ya Meta, yenye lugha 200, inacho Kirundi, inacho Kinyarwanda na Kiswahili. Kiha haimo, ingawa wasemaji wake walikadiriwa kukaribia milioni moja mwaka 2001. Wenye kusema hivyo wazitazame kwanza zahanati za Kibondo na Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na ile ya Nduta ikafunguliwa tena 2015 kwa Warundi. Kwa hiyo mhudumu wa huko amezoea kusikia Kiha, Kirundi, Kiswahili cha shule na Kiswahili cha Kivu, pengine katika asubuhi moja, naye ajua ya kuwa kufahamiana sokoni si kufahamiana juu ya maumivu. Ukaribu wa lugha ni hatari ya pekee: neno la mbali humfanya mfasiri aulize, neno la jirani humfanya asiulize.

Wala wingi wa maandishi si dawa. Hifadhi ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la pili, ina maneno yapatayo milioni 25, na ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini ni maneno ya magazeti, ya vitabu na ya Bunge. Mfiwa hasemi kama Bunge.

Kinachotakiwa si kikubwa kwa gharama. Sauti ya simulizi irekodiwe kwa idhini ya wafiwa na itunzwe katika lugha iliyosemwa. Maandishi ya lugha hiyo yaandikwe kabla ya tafsiri, yakiwa na vidatu na urefu wa irabu. Na jina la ugonjwa lisilo na mwenzi katika Kiingereza liingie katika hesabu likiwa lilivyo, “degedege” ibaki “degedege”, mashine ijifunze yenyewe linaambatana na vifo gani. Kwa kuwa njia hii huhesabu tu na haijui maana, haibagui lugha: neno la Kiha litapata uzito wake kama lile la Kiingereza, mradi lifike mbele yake. Msingi wa kuandikia upo. Nakagawa alitoa orodha ya msamiati wa Kiha mwaka 1992, na Harjula akatoa sarufi yenye masimulizi na msamiati mwaka 2004. Vitabu hivyo viwili, pamoja na kijana wa Kumsenga mwenye sikio zuri aliyefundishwa kutia alama za vidatu kwa miezi michache, vyaweza kuanza kazi hiyo kabla ya mashine yo yote kununuliwa.