Porsche 911: Injini Iliyokataa Kuhama

Porsche 911 ilioneshwa mara ya kwanza Frankfurt, Ujerumani, Septemba 1963, ikiitwa 901. Peugeot walidai haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, basi namba ikabadilishwa. Umbo alilolichora Ferdinand Alexander Porsche halikuguswa: taa za mviringo, paa linaloteremka taratibu hadi mkiani, na injini ya mitungi sita iliyolala, mitatu kila upande, nyuma ya ekseli ya nyuma.

Hapo ilipokaa injini ndipo penye utamu wa gari hili na matata yake. Uzito wa nyuma huyapa matairi mshiko wakati wa kuondoka. Lakini dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia huteleza nje. Toleo la mwanzo, la lita 2, nguvu farasi 130 na uzito wa kilo 1,080 hivi, halikuwa na kifaa chochote cha kumwokoa. Dereva alitegemea mikono yake, na usukani usio na msaada wa haidroliki ulimweleza kila badiliko la barabara.

Mafundi walitafuta dawa bila kuing'oa injini. Walianza kwa kuficha vyuma vizito kwenye bampa la mbele. Kisha, katika magari ya mwaka 1969, waliyasogeza nyuma magurudumu ya nyuma kwa milimita 57 na kuweka betri mbili mbele. Kuihamishia injini katikati kungekuwa rahisi zaidi. Kuchagua tatizo gumu na kulisomea kwa miongo ni ufundi wa hali ya juu, na sifa za 911 zinaanzia hapo.

Uimara wake ulipimwa Afrika Mashariki pia. Katika Safari Rally, 911 ilimaliza ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, mwaka huo wa mwisho ikiendeshwa na Mkenya Vic Preston Jr. Ushindi haukupatikana, ila gari la spoti lililostahimili tope na mawe ya njia zile lilikuwa limeundwa kwelikweli.

Toleo la 964, mwaka 1989, lilileta springi za koili, usukani wa haidroliki na breki za ABS. Badiliko lililowauma wapenzi wengi lilikuja na 996, mwaka 1997: injini ilianza kupozwa kwa maji. Sababu zilikuwa nzito. Sheria za moshi na kelele zilikuwa zimekaza, na valvu nne kwa kila mtungi zilihitaji upozaji ambao hewa peke yake haikuumudu. Ukapotea mvumo wa feni kubwa iliyokuwa ikiipoza injini kwa hewa, na hiyo ni hasara ya kweli.

992 ya mwaka 2018 ina turbo mbili, lita 3, nguvu farasi 385 kwa Carrera ya kawaida, na uzito unaokaribia kilo 1,500. Upana umetoka milimita 1,610 za toleo la mwanzo hadi 1,852. Vihisio ndani ya matao ya magurudumu ya mbele husikiliza maji yanayorushwa na matairi, kisha humtahadharisha dereva kuwa barabara imelowa. Kwa kasi, breki na usalama, gari la zamani halifui dafu. Lakini kwa wepesi, na kwa kumfundisha mtu kuendesha, la zamani bado linatangulia.